Nani Aliyeigawanya? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nambari Tasa Kubwa

Tangu tulipodokeza katika safu hii kwamba nambari tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ina tarakimu zaidi ya milioni 41, barua zimekuwa zikitufikia kutoka Lamu, Siyu na Malindi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: imejulikanaje? Tumechagua chache. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa kuwa hizo nyingine zote zinaegemea jibu lake.

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni mtu wa bao, si mtu wa hesabu. Mjukuu wangu amenisomea kwamba huko Marekani imepatikana nambari isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, na kwamba mtu akitaka kuiandika atajaza maelfu ya kurasa. Nikamuuliza, ni nani aliyekaa kitako akaigawanya kwa nambari zote zilizo chini yake? Hakuwa na jibu. Mimi naona ama wamebahatisha, ama wanatucheza shere. – Mzee wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wangu. Shaka yako ina msingi, na mjukuu wako asione haya, kwa maana hakuna aliyeigawanya nambari hiyo kwa zote zilizo chini yake, wala hatatokea wa kufanya hivyo.

Tuanze na nambari ndogo. Anayetaka kujua kama 97 ni tasa hana haja ya kuijaribu kwa nambari zote kuanzia 2 hadi 96. Inatosha aijaribu kwa 2, 3, 5 na 7, kwa sababu nambari yoyote inayogawanyika lazima iwe na kigawanyo kimoja kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha 97 hakifiki 10. Njia hii inafaa kwa 97, na hata kwa nambari ya tarakimu kumi ikiwa mtu ana subira. Kwa nambari ya tarakimu milioni 41 haifai kitu, kwa kuwa kipeuo chake peke yake kina tarakimu zaidi ya milioni 20, ilhali idadi ya atomu zote katika ulimwengu unaoonekana inakadiriwa kuwa nambari ya tarakimu 80 hivi. Kompyuta zote duniani zikishirikiana katika kazi hiyo, jua litazimika kabla hazijafika popote.

Kilichowawezesha wanahesabu kuifikia ni umbo lake. Nambari hii haikuokotwa ovyo. Andika 2 mara 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1: hiyo ndiyo yenyewe. Na umbo hilo unaweza kulielewa kwa bao lako bila kalamu wala karatasi.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Chukua kete zote, uweke moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, kila shimo likipata maradufu ya lililotangulia. Utajaza mashimo sita tu, kwa kete 63, na moja itabaki mkononi. Utaona kwamba popote utakaposimama, jumla ya kete ulizoweka ni pungufu kwa moja tu ya zile ambazo shimo linalofuata lingehitaji: mashimo matatu yana kete 7, na la nne linataka 8, mashimo matano yana 31, na la sita linataka 32. Nambari za namna hii, yaani 2 kwa kipeo fulani (kipeo ni idadi ya hizo 2 zinazozidishwa pamoja) kasoro 1, ndizo jumla za mashimo yanayofuatana. Ile nambari kubwa ni jumla ya bao lenye mashimo 136,279,841.

Sasa tuseme una kete zisizo na mwisho na umejaza mashimo yote 32. Jumla itakuwa 4,294,967,295. Je, ni tasa? Yagawe mashimo mawili mawili. Jozi ya kwanza ina 1 na 2, jumla 3. Jozi ya pili ina 4 na 8, jumla 12, yaani 3 mara 4. Jozi ya tatu ina 16 na 32, jumla 48, yaani 3 mara 16. Kila jozi ni 3 iliyozidishwa, kwa hiyo jumla yote lazima igawanyike kwa 3. Ukiyagawa manne manne utaona kwa njia hiyo hiyo kwamba inagawanyika kwa 15. Yaani idadi ya mashimo ikiweza kugawanywa katika mafungu sawa yenye mashimo zaidi ya moja, jumla ya kete nayo itagawanyika. Ndiyo sababu anayetafuta nambari tasa za umbo hili hujishughulisha tu na vipeo ambavyo vyenyewe ni tasa, na 136,279,841 ni tasa.

Lakini hilo halitoshi, na hapa ndipo wengi walipojikwaa. Mashimo 11 hayagawanyiki katika mafungu sawa, na hata hivyo jumla yake, 2,047, ni 23 mara 89. Mtawa mmoja wa Kifaransa, Marin Mersenne, ambaye nambari hizi zimepewa jina lake, alichapisha mwaka 1644 orodha ya vipeo hadi 257 ambavyo aliamini vinatoa nambari tasa. Alivitaja 67 na 257, ambavyo havitoi, akaviacha 61, 89 na 107, ambavyo vinatoa. Hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa kwa zana za zama zake asingeweza kuvipima vyote, lakini ilichukua karibu miaka 300 orodha hiyo kusahihishwa yote.

Shimo la 31 la bao lako lina heshima yake katika habari hii. Ukiishia hapo, jumla ni 2,147,483,647, na mwanahesabu wa Uswisi, Leonhard Euler, alithibitisha mwaka 1772 kwamba hiyo ni tasa. Hakuijaribu kwa nambari tasa zote zilizo chini ya kipeuo chake, ambazo ni karibu 4,800. Alijua kwamba kigawanyo tasa chochote cha jumla ya mashimo 31, kama kingekuwapo, lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 62, na kwa sharti hilo pamoja na jingine la namna yake akatupilia mbali sehemu kubwa mno ya kazi. (Nambari hiyo hiyo ndiyo kubwa kuliko zote inayoingia katika hesabu za kompyuta za biti 32 zinazoruhusu pia nambari hasi, na mitambo ya zamani inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 itaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 za asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Hilo halitokani na utasa wake, ila ni vizuri kulijua.)

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1876 na Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, na baadaye ikarahisishwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer. Lucas alipata kipimo ambacho hakitafuti kigawanyo chochote. Nakiweka hapa kizima, kwa sababu ndicho jibu la swali lako. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, utoe 2, kisha ugawanye kwa nambari unayoipima na ubakishe baki peke yake. Lichukue baki hilo ulifanyie vivyo hivyo, na uendelee kwa idadi ya mara ambazo ni pungufu kwa 2 ya idadi ya mashimo. Mwishoni ukipata sufuri, nambari ni tasa. Ukipata kitu kingine chochote, inagawanyika.

Tukipime kwa mashimo matano, ambayo jumla yake ni 31. Tunatakiwa tufanye mara tatu. 4 mara 4 ni 16, ukitoa 2 ni 14. 14 mara 14 ni 196, ukitoa 2 ni 194, na ukigawanya kwa 31 baki ni 8. 8 mara 8 ni 64, ukitoa 2 ni 62, na ukigawanya kwa 31 hakuna kinachobaki. Kwa hiyo 31 ni tasa. Mjukuu wako na ajaribu kwa mashimo 11 na nambari 2,047. Baada ya mara tisa atafikia 1,736, ambayo si sufuri, na atakuwa amejua kwamba 2,047 inagawanyika bila kuwa ameziona 23 na 89.

Jambo hilo la mwisho, mzee wangu, ndilo ninaloliona la ajabu kuliko ukubwa wa nambari yoyote. Mwaka huo huo wa 1876 Lucas alionyesha kwamba jumla ya mashimo 67, ambayo Mersenne aliiita tasa, inagawanyika. Lakini hakuweza kusema inagawanyika kwa ngapi. Dunia ilikaa miaka 27 ikijua kwamba vigawanyo vipo bila ya kuvijua. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahesabu, na inasimuliwa kwamba hakutamka neno: upande mmoja wa ubao alikokotoa ile nambari, upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, na pande mbili zilipolingana akarudi kuketi. Kwa kipimo hicho hicho, kwa mkono, Lucas alithibitisha kwamba jumla ya mashimo 127, nambari ya tarakimu 39, ni tasa.

Kilichobaki ni nguvu za mashine. Mwaka 1952 Raphael Robinson aliandika programu ya kipimo hicho kwa kompyuta iliyoitwa SWAC huko California, na usiku mmoja wa Januari ikatoa nambari tasa mbili, za vipeo 521 na 607. Mwaka 1996 George Woltman alianzisha mradi wa GIMPS, ambao mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kujiunga nao na kupewa vipeo vyake vya kupima. Nambari aliyokusomea mjukuu wako ilipatikana kwa mradi huo na Luke Durant wa San Jose, California. Tarehe 11 Oktoba 2024 chipu ya michoro iliyokuwa Dublin, Ireland, iliashiria kwamba huenda ikawa tasa. Kesho yake chipu nyingine iliyokuwa San Antonio, Texas, ikamaliza kipimo cha Lucas na Lehmer na kupata sufuri. Fikiria maana yake: kuzidisha nambari ya tarakimu milioni 41 kwa yenyewe, mara 136,279,839, pasipo kukosea hata tarakimu moja. Kwa kuwa mashine nayo inaweza kukosea, kazi yote ilirudiwa kwa programu tofauti na mitambo tofauti kabla ya kutangazwa tarehe 21 Oktoba. Kwa hiyo hawakubahatisha, wala hawatuchezi shere.

SWALI: Je, hiyo ndiyo nambari tasa ya mwisho? Na je, zote zilizo chini yake zimeshajulikana? – Msomaji wa Shela

JIBU: La, kwa maswali yote mawili.

Euclid, mwanahesabu wa Kigiriki, alieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwa nini haziishi. Chukua orodha yoyote ya nambari tasa, uzizidishe zote, uongeze 1. Nambari utakayoipata haigawanyiki kwa yoyote iliyomo katika orodha yako, kwa kuwa kila mara 1 itabaki. Basi ama yenyewe ni tasa, ama vigawanyo vyake tasa havimo katika orodha. Vitabu vingine husema kwamba nambari hiyo huwa tasa daima, na hilo si kweli: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 na kuongeza 1 ni 30,031, ambayo ni 59 mara 509.

Kuhusu la pili, “kubwa kuliko zote zinazojulikana” ni maneno ya kupimwa kwa uangalifu. Iliyoshika nafasi hiyo kabla yake, tangu Desemba 2018, ilikuwa 2 kwa kipeo cha 82,589,933 kasoro 1, yenye tarakimu 24,862,048. Pafnuty Chebyshev alithibitisha katika karne ya 19 kwamba kati ya nambari yoyote na maradufu yake pana nambari tasa, na kutoka ile ya 2018 hadi ya 2024 unaweza kurudufisha zaidi ya mara milioni 53. Kwa hiyo nambari tasa zilizo katikati ni zaidi ya milioni 53 kwa uchache, na idadi yao halisi ni kubwa kupita kiasi. Zinazojulikana ni zile zenye umbo linalopimika, kama la Mersenne, na tasa za Mersenne zinazojulikana ni 52 tu hadi sasa. Kama tasa za Mersenne zinaendelea bila kikomo au zina mwisho, hakuna aliyethibitisha.

SWALI: Maalim, mimi nauza vitambaa Malindi na fedha zangu nyingi hupita kwenye simu. Kijana mmoja amenitia hofu kwamba nambari hii kubwa ndiyo kufuli la fedha zetu, na kwa kuwa imetangazwa, wezi watalifungua. – Mama wa vitambaa, Malindi

JIBU: Dada yangu, lala salama. Kijana huyo amechanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, na hayuko peke yake, kwa kuwa hata magazeti huandika hivyo kila nambari mpya ya Mersenne inapotangazwa.

Ni kweli kwamba nambari tasa hulinda habari zinazopita katika mitandao. Njia mojawapo mashuhuri ilibuniwa mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Kompyuta huchagua nambari tasa mbili, huzizidisha, na zao lake hutolewa hadharani ili yeyote aweze kulitumia kufunga ujumbe. Lakini wa kuufungua ni yule tu anayezijua zile mbili. Ulinzi wote unategemea kwamba kuzidisha ni rahisi na kurudi nyuma ni kazi ngumu mno. Mwaka 2020 watafiti walilipasua zao la tarakimu 250, na kazi hiyo ilikuwa sawa na ya kiini kimoja cha kompyuta kikifanya kazi kwa miaka 2,700 hivi. Mazao yanayotumika sana siku hizi yana tarakimu 617.

Basi utaona kwa nini nambari ya tarakimu milioni 41 haifai kwa kazi hiyo. Kwanza inajulikana na kila mtu, na kitu kinachojulikana hakiwezi kuwa siri ya mtu. Pili ni kubwa mno. Simu yako ingechoka kabla ya kufunga ujumbe mmoja. Zinazohitajika ni nambari tasa za tarakimu 300 na kitu ambazo hakuna aliyewahi kuziona, na hizo haziadimiki kabisa. Katika nambari za tarakimu 300, kwa wastani moja katika kila 690 hivi ni tasa; kompyuta huchukua nambari ya kubahatisha, huipima kwa kipimo cha haraka kilichotokana na kanuni ya Pierre de Fermat ya mwaka 1640, ikifeli huchukua nyingine, na ndani ya muda mfupi sana imepata. Idadi ya nambari tasa za tarakimu 300 ni nambari yenyewe yenye tarakimu karibu 300. Hakuna mwizi atakayezikariri.

Na kwa kuwa umetaja wezi: aghalabu wao hawaigusi hesabu hata kidogo. Humpigia mtu simu, wakajifanya watu wa huduma kwa wateja, wakamwomba nambari yake ya siri.

Ukiniuliza basi msako huu wa nambari kubwa una faida gani, nitakujibu kwa kuwa mkweli kwamba nambari yenyewe haina matumizi. Yanayofaidisha ni yanayopatikana njiani, kama mbinu za kuzidisha nambari kubwa kwa haraka na kupima uthabiti wa kompyuta. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely, akikokotoa habari za nambari tasa pacha, yaani zile zinazopishana kwa 2 kama 11 na 13, aligundua kwamba chipu mpya ya Pentium ilikuwa ikikosea katika baadhi ya migawanyo, na kampuni ya Intel ikalazimika kuzibadilisha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Lamu. Je, inawezekana kujua tarakimu ya mwisho ya nambari hiyo bila kompyuta? Na wamejuaje idadi ya tarakimu zake kama hawakuziandika? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na kwa kalamu tu.

Andika 2 kwa vipeo vinavyofuatana: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Tarakimu za mwisho hurudia 2, 4, 8, 6 bila kukoma. Gawanya 136,279,841 kwa 4. Baki ni 1, kwa hiyo 2 kwa kipeo hicho inaishia na 2, na ukitoa 1 nambari yetu inaishia na 1. Ukitaka tarakimu mbili za mwisho, utagundua kwamba kuanzia kipeo cha pili hurudia kila baada ya 20. Kipeo chetu kikigawanywa kwa 20 kinabakisha 1, basi kiko katika daraja moja na kipeo cha 21, na 2 kwa kipeo cha 21 ni 2,097,152. Inaishia na 52. Toa 1, upate 51. Tatu za mwisho nakuachia wewe: mzunguko wake ni wa 100, na huanzia kipeo cha tatu.

Idadi ya tarakimu hupatikana kwa logi. Zidisha kipeo kwa logi ya 2, uchukue sehemu nzima ya jibu, uongeze 1. Lakini jihadhari, maana hapa pana mtego mzuri. Ukitumia 0.30103 uliyoizoea darasani utapata 41,024,320 na kitu, na ukiongeza 1 utasema tarakimu ni 41,024,321, ambalo si jibu sahihi. Logi hiyo imekadiriwa juu kidogo, na ukidogo huo ukizidishwa mara milioni 136 unaruka tarakimu nzima. Tumia 0.3010299957; utapata 41,024,319 na desimali inayokaribia 0.95, na jibu sahihi ni tarakimu 41,024,320. Desimali hiyo yenyewe inakwambia kwamba nambari inaanza na 8. Kwa hiyo umeijua mwanzo, mwisho na urefu, na hujatumia hata ukurasa mmoja, ilhali kuichapa yote kwa tarakimu 4,000 kila ukurasa kungehitaji kurasa zaidi ya 10,250.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kuhusu fedha. Ipo zawadi ya dola 150,000 ya shirika la Electronic Frontier Foundation kwa atakayekuwa wa kwanza kupata nambari tasa ya tarakimu milioni 100 au zaidi. Maliza kidato cha nne kwanza.

SWALI: Assalaam alaykum. Katika darasa letu tulitajiwa kwamba wanazuoni wa Kiislamu wa zamani walishughulikia nambari “kamilifu” kama 6 na 28. Nimesikia zinahusiana na nambari hizi za Mersenne. Zinahusianaje? – Msomaji wa Siyu

JIBU: Waalaykum salaam. Zinahusiana kwa damu. Nambari kamilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawanyo vyake vyote vilivyo chini yake: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zinazofuata ni 496 na 8,128. Euclid alionyesha jinsi ya kuzipata. Rudi kwa mzee wetu wa Langoni: jumla ya mashimo yanayofuatana ikiwa ni tasa, izidishe kwa kete zilizo katika shimo la mwisho ulilojaza, na utapata nambari kamilifu. Mashimo mawili yana jumla 3, na la mwisho lina 2. 3 mara 2 ni 6. Mashimo matatu yana 7, na la mwisho lina 4. 7 mara 4 ni 28. Mashimo matano yana 31, na la mwisho lina 16. Hiyo ni 496.

Swali lililobaki lilikuwa kama kuna nambari kamilifu shufwa zinazopatikana kwa njia nyingine. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Kairo karibu mwaka 1040, ambaye wengi wanamjua kwa elimu ya nuru na macho, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kulielekea jambo hilo. Alijaribu kuonyesha kwamba njia ya Euclid ndiyo ya pekee, lakini uthibitisho wake haukukamilika, na ulikuja kukamilishwa na Euler katika karne ya 18. Katika karne ya 13 Ibn Fallus aliandika orodha ya nambari kumi alizoziona kuwa kamilifu. Tatu za mwisho hazikuwa sahihi, lakini saba za kwanza ndizo hasa saba za mwanzo, na ya saba ni 137,438,691,328. Kuifikia hiyo bila mashine ni kazi inayostahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa.

Wakale walidhani pia kwamba nambari kamilifu huishia kwa zamu, 6 kisha 8, kisha 6 tena. Zinaishia na 6 au 8 kweli, ila zamu haipo: ya tano ni 33,550,336 na ya sita ni 8,589,869,056, zote mbili kwa 6. Kila nambari tasa mpya ya Mersenne huzaa nambari kamilifu yake, kwa hiyo zinazojulikana ni 52, na ile ya Oktoba 2024 imezaa moja yenye tarakimu 82,048,640, ambayo nayo inaishia na 6. Kama kuna nambari kamilifu ambayo ni witiri, hakuna aliyeiona wala aliyethibitisha kwamba haipo. Lililothibitishwa ni kwamba, ikiwa ipo, ina tarakimu zaidi ya 1,500.